Wanaofundisha biashara ya sarafu kwa simu waanze na hesabu ya hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ya kununua na kuuza sarafu za kigeni kwa simu, ambayo vijana wetu wanaiita foreksi, na ambayo siku hizi haikosekani katika mazungumzo ya barazani, iwe Darajani au Chake Chake. Nimefanya kazi miaka mingi katika duka la kubadilishia fedha hapa Mji Mkongwe na sina ugomvi na biashara ya sarafu, kwani ndiyo iliyosomesha wanangu. Ninacholalamikia ni namna inavyofundishwa: kijana anaonyeshwa faida kabla hajajua kuhesabu hasara, na fedha ya kuazimwa anayopewa na dalali, ambayo ndiyo yenye hatari kuliko yote, anatajiwa kana kwamba ni zawadi.

Wazanzibari si wageni wa jambo hili. Katika bandari yetu riale ya Maria Theresa na rupia ya Kihindi zilipokelewa kwa pamoja, Seyyid Barghash akatoa pesa zake mwenyewe zenye mwaka 1299 wa Hijria, na rupia ilidumu hapa mpaka mwaka 1936 ilipoipisha shilingi ya Afrika Mashariki. Kujua thamani ya sarafu moja kwa nyengine ni elimu ya zamani visiwani, na sioni sababu ya kumkataza kijana wa leo asiitafute.

Aliyewahi kusimama mbele ya dirisha letu ameuona ubao wenye bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia. Mteja akibadilisha dola 100 kwa shilingi, kisha papo hapo akaghairi na kutaka dola zake, hatazipata zote, kwa sababu tofauti ya bei hizo mbili ndiyo riziki ya duka. Kwenye simu nako ziko bei mbili, na tofauti yake huitwa spredi. Ni ndogo kuliko yetu, lakini mtu hulipa kila anapofungua biashara, na anayefungua biashara nyingi kwa siku huanza kila moja akiwa tayari ameshapoteza kitu.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Bei ya euro kwa dola husomwa mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta, na hatua moja ya tarakimu hiyo, tuseme kutoka 1.1000 hadi 1.1001, huitwa pipsi. Kijana ameweka dola 100, na dalali anamwambia kuwa kwa kila dola yake anaweza kushika dola 500, jambo wanaloliita leveraji. Anafungua biashara ya kununua loti 0.2 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara), ambayo ni euro 20,000, fedha ambazo pengine ukoo wake mzima haujawahi kuziona pamoja. Kuanzia hapo kila pipsi moja ni dola mbili, yaani 20,000 mara 0.0001. Spredi ikiwa pipsi mbili, dola nne zimeshakwenda kabla bei haijatikisika. Euro ikishuka kutoka 1.1000 hadi 1.0950, yaani pipsi 50, mtaji wote umekwisha, na dalali kwa kawaida huifunga biashara hiyo kwa nguvu hata kabla ya kufika huko. Wala mwendo wa pipsi 50 si tufani. Euro hupanda au hushuka kiasi hicho katika siku ya kawaida kabisa, bila ya habari yoyote kubwa duniani.

Kijana huyo huyo angefungua loti 0.01, ambayo ni euro 1,000, mwendo ule ule ungemgharimu dola tano, na angebaki na 95 za kuendelea kujifunzia. Soko ni lile lile na kosa la kukisia ni lile lile. Kilichotofautiana ni ukubwa wa fedha isiyo yake aliyokubali kuibeba. Kwa hiyo anayeanza aulize kwanza niko tayari kupoteza ngapi, halafu ndipo achague loti. Akiamua kuwa biashara moja isimle zaidi ya dola mbili katika mia, basi kwa loti 0.01 ataweka amri ya kukatia hasara, yaani agizo la kuifunga biashara yenyewe bei ikifika mahali fulani, pipsi 20 kutoka alipoingilia, na asiisogeze bei inapoikaribia. Kabla ya hapo afanye miezi kadhaa katika akaunti ya mazoezi isiyo na fedha halisi, akiandika daftarini kila biashara na sababu yake.

Nchi zenye masoko makubwa zimeuona mtego huu. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya iliweka mpaka kwamba mteja wa kawaida asipewe zaidi ya mara 30 ya fedha yake kwa sarafu kuu, na ikawalazimisha madalali kutangaza ni wateja wangapi kati ya mia wanaopata hasara. Mamlaka hiyo ilieleza kuwa akaunti zinazopoteza fedha ni kati ya 74 na 89 katika kila mia. Ikiwa Mzungu analindwa kwa mara 30, kwa nini kijana wa Mwanakwerekwe apewe mara 500 na kuambiwa kuwa ni bahati yake?

Hata amri ya kukatia hasara si dhamana kamili. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kiwango cha faranga 1.20 kwa euro ilichokuwa ikikilinda tangu Septemba 2011. Faranga ikaruka kwa dakika chache, amri za watu zikatekelezwa kwa bei za mbali mno na walizoziweka, wengine wakajikuta wanadaiwa zaidi ya walichoweka, na kampuni ya Alpari UK ya London ikafilisika.

Yapo mambo mengine ambayo waalimu wa foreksi huyapita haraka. Madalali wengi humlipa anayewaletea wateja, na malipo hayo hukua kadiri mteja anavyofungua loti nyingi na kubwa, sawasawa apate au akose. Mwanafunzi ana haki ya kujua kama mwalimu wake analipwa hivyo. Nimewahi kumhudumia kijana aliyekuja kununua dola kwa fedha za mkufu wa mama yake, akanionyesha kwenye simu ujumbe wa kumhimiza aongeze mtaji siku ile ile aliyopoteza ule wa kwanza. Nilimsihi aurejeshe mkufu kwanza, na nafurahi kuwa alinisikiliza.

Kwa sisi Waislamu liko pia suala la riba. Biashara ikiachwa wazi hadi New York inapofika saa kumi na moja jioni, ambayo kwetu ni saa sita au saa saba usiku kutegemea majira yao, dalali hutoza au hulipa riba ya usiku huo. Zipo akaunti zinazouzwa kwa jina la Kiislamu ambazo huiondoa riba hiyo, lakini baadhi yake huweka ada nyengine mahali pake, na bado linabaki suala la fedha kwa fedha kukabidhiana papo kwa papo, na la mkopo wenyewe wa dalali. Anayejali dini yake aende Ofisi ya Mufti akaulize, asitosheke na tangazo la muuzaji. Vivyo hivyo kuhusu uhalali wa kampuni: Benki Kuu ya Tanzania ina tawi hapa Unguja, na kuuliza kama kampuni fulani ina ruhusa ya kupokea fedha za watu nchini ni bure.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kuwa gazeti litenge safu ndogo ya kila wiki yenye hesabu kama niliyoionyesha hapo juu, kwa tarakimu na kwa lugha hii yetu, na pale linapopokea tangazo la mafunzo ya foreksi limtake mwenye tangazo aandike wazi kiwango cha leveraji anachofundishia na kama analipwa na dalali. Wazee nao, kabla hawajatoa ada ya mafunzo hayo, wamwambie mwalimu awafanyie mbele yao hesabu ya dola 100 na pipsi 50.

Msomaji wako,
Malindi, Unguja