Ndugu Msajili, miamba ya Mwanza inahitaji watafiti

Kwa Msajili,
Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB)

Yah: Ombi la Bodi na vyama vya taaluma kufadhili masomo ya utafiti

Ndugu Msajili,

Nakuandikia nikiwa Kirumba, Mwanza. Mimi ni mkadiriaji majenzi niliyesajiliwa na Bodi yako, na ada yangu ya mwaka nimelipa. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wabunifu, wakadiriaji na wapimaji ardhi wa Kanda ya Ziwa yote, na kuliko wote linawahusu watu wanaolala ndani ya nyumba tunazozichora, kuzipigia hesabu na kuzipimia viwanja.

Naanza na mwamba. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja mjane mwenye kiwanja mlimani, upande wa Mabatini. Alitaka vyumba vinne, viwili vya kukaa na wanawe, viwili vya kupangisha. Nilipanda kwenda kukiona kiwanja, nikaliona jiwe lililochomoza kwenye kona moja, nikarudi ofisini kuandaa BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na gharama zake. Kwenye kipengele cha kuvunja mwamba nikaandika siku tisa. Mafundi walipofukua udongo, ikaonekana kwamba lile jiwe lilikuwa kichwa tu. Kiwiliwili kilikuwa kimelala chini ya kiwanja kizima. Wakafanya wanavyofanya siku zote huku milimani. Walipanga magogo na matairi chakavu juu ya mwamba, wakawasha moto jioni, ukawaka usiku kucha, na alfajiri wakamwaga ndoo za maji. Mwamba ulilia kama risasi, ukatoa ufa mwembamba kama uzi wa kushonea. Hapo ndipo tindo likaingia, na nyundo juu yake, siku nzima, kwa ajili ya kipande kinachojaa toroli mbili.

Siku tisa zikawa thelathini na moja. Hela ya mabati ikaishia kwenye msingi, na yule mama alikaa miaka miwili akitazama kuta zisizo na paa. Kosa lilikuwa langu na sijalisahau. Lakini nilipokaa kutafuta kitu ambacho nilipaswa kukisoma kabla ya kuandika ile tisa, sikukipata. Vitabu nilivyosomea viwango vya kazi vinazungumzia udongo wa tambarare na mashine zenye kompresa. Kuhusu watu wawili, tindo na moto wa usiku kucha, hakuna ukurasa. Tangu hapo naandika mwenyewe kwenye daftari: ukubwa wa jiwe, idadi ya watu, siku, malipo. Hizo ni kumbukumbu za mtu mmoja, zinasaidia ofisi moja. Utafiti ni kitu kingine.

Wewe unajua, Msajili, kwamba jiji hili limekaa juu ya matale, yale mawe magumu ya graniti. Wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck ziwani wakaondoka. Wenyeji wanaishi kwenye ndugu zake: Igogo, Isamilo, Mabatini, Bugando na kuendelea. Masika yakianza, mtu wa mlimani hulala sikio moja likiwa nje, akisikiliza udongo na mawe. Nyumba zile nyingi hazikuchorwa na mbunifu wala kukadiriwa na mtu kama mimi. Zimejengwa na mafundi wenye elimu kubwa ambayo hatujawahi kuiandika.

Hapo ndipo namkumbuka binti mmoja aliyefanya mafunzo ya vitendo ofisini kwangu. Jumamosi zake alizitumia kupanda milimani na futi kamba na daftari la mistari, akipima kuta za mawe zinazoshikilia udongo nyuma ya nyumba za watu. Alinionyesha michoro ya kuta zaidi ya arobaini. Kwa kila ukuta alikuwa ameandika urefu, unene wa chini na wa juu, aina ya mawe, mwaka uliojengwa kwa maneno ya mwenye nyumba, na kama una vitundu vya kutolea maji. Akaniambia jambo ambalo mimi kwa miaka yangu yote sikuwa nimeliona. Kuta zilizopangwa kwa mawe matupu, ambazo maji hupenya kwenye viungo, zilikuwa bado zimesimama wima. Zilizoanza kutokeza tumbo ni zile ambazo mwenye nyumba alipopata hela alizipaka saruji kuanzia chini hadi juu ili zipendeze. Maji ya mvua yalikosa pa kutokea, yakawa yanausukuma ukuta kutoka nyuma. Huyu mtoto alishuku hivyo, na alitaka kuthibitisha: kufuatilia kuta zile masika mbili, kupima maji nyuma yake, kulinganisha gharama.

Alipata nafasi ya shahada ya uzamili. Ada hakuwa nayo. Bodi ya Mikopo kazi yake kubwa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo alipeleka maombi kwenye ofisi nne. Mbili zilikaa kimya. Moja ilimjibu kwamba bajeti hairuhusu. Ya nne ilimsifia wazo lake na kumwahidi atakumbukwa fursa ikitokea. Leo anauza rangi na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anaifanya kazi hiyo vizuri na wateja wanampenda. Nikipita pale hununua kitu hata kama sikihitaji, halafu naondoka moyo ukiwa mzito, maana lile daftari bado analo chini ya kaunta.

Nisikae mlimani tu, kwa kuwa ufukweni nako kuna maswali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sawa. Lakini ukingo upi? Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 likapanda tena mpaka kukipita kile kiwango cha 1964. Mwaka huo nilisimama na mpimaji mwenzangu kwenye ufukwe mmoja wa Ilemela, suruali tumezikunja, tukitafuta bikoni, jiwe la mpaka wa kiwanja. Tuliipata kwa kuipapasa kwa mguu. Ilikuwa imezama maji ya magotini, namba yake bado inasomeka, na dagaa wanaizunguka. Mwenye kiwanja alituuliza: zile mita 60 sasa zihesabiwe kutoka wapi, na nyumba yangu iko upande gani wa sheria? Tulimjibu kwa heshima, lakini lilikuwa jibu la kukisia. Ufukwe huu unamhitaji mpimaji kijana wa kukaa na rekodi za kina cha ziwa na ramani za zamani mwaka mzima, atoke na mstari ambao halmashauri inaweza kuusimamia na mwananchi akauelewa.

Na Bukoba. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi za matofali ya kuchoma na ya udongo. Kwangu mimi shule kubwa iko kwenye nyumba za jirani ambazo hazikuanguka. Kwa nini zilibaki? Linta? Mchanganyiko wa udaka? Mkono wa fundi fulani? Maswali haya hayajibiwi kwa ziara ya siku tatu.

Sasa ombi langu. Naomba Bodi itenge sehemu ya ada zetu za mwaka, hata iwe ndogo, ianzishe mfuko wa masomo ya utafiti. Ikae meza moja na vyama vyetu vya taaluma, AAT cha wabunifu majengo, TIQS cha wakadiriaji majenzi na IST cha wapimaji, na baraza la wapimaji ardhi likaribishwe, maana mwamba na ziwa havijui mipaka ya taaluma zetu. Mimi niko tayari kuongezewa ada kwa jambo hili na najua wenzangu hapa ambao hawatanung'unika. Wanaotuzidi umri walishaona faida yake. Taasisi ya wabunifu ya Uingereza, RIBA, iliyoanzishwa 1834, na ya wapimaji na wakadiriaji, RICS, ya 1868, zimekuwa na fungu la kusaidia utafiti. Ukwasi wao hatuna, ila hata kwa watafiti wawili au watatu kwa mwaka tungeanza.

Fedha hiyo isiishie kwenye ada ya chuo. Mtafiti wa milimani anahitaji kumlipa fundi anayeacha kazi yake ili amwonyeshe, anahitaji vipimo vya maabara, na wa ufukweni anahitaji mtumbwi na mafuta. Hapo ndipo wengi hukwama wakaishia kuandika utafiti wa kukaa mezani. Uteuzi uwe wa wazi, na angalau nafasi moja kila mwaka iwe ya swali linalotoka nje ya Dar es Salaam. Nalitilia mkazo hili la mwisho: kila anayefadhiliwa aandike pia kijitabu chepesi kwa Kiswahili, chenye michoro, ambacho fundi wa Igogo anaweza kukikunja akakitia mfukoni. Tasnifu ya Kiingereza kwenye kabati la maktaba haitamzuia mtu kuupaka ukuta wake saruji.

Najua Bodi imekuwa ikiendesha mashindano ya insha kwa wanafunzi wa sekondari ili kuwavuta kwenye fani zetu, hasa wasichana. Ni kazi nzuri. Mnawakaribisha mlangoni, naomba muwafuate na huko ndani.

Kwa upande wangu, madaftari yangu ya gharama za kuvunja mwamba nitamkabidhi bure mtafiti wa kwanza atakayepatikana, pamoja na meza ofisini kwangu kwa muda wote atakaokuwa Mwanza. Yule binti nimemwambia kwamba naandika barua hii. Aliuliza maombi yanaanza lini.

Wako katika taaluma,

Mkadiriaji Majenzi,
Kirumba, Mwanza

Nakala: Baraza la wapimaji ardhi; AAT; TIQS; IST