Juni 5 Tabora si siku ya kupanda miti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye vikundi vya mazingira vya kujitolea hapa Tabora, hasa wale ambao siku hizi wanahangaika kutafuta miche na fulana za Siku ya Mazingira Duniani. Ombi langu ni moja: Juni 5 msipande. Shikeni mapanga, tupa na majembe, nendeni kwenye visiki.

Sababu iko kwenye kalenda. Mvua zetu huanza Novemba na kuaga Aprili, zikichelewa sana ni mwanzoni mwa Mei. Mche unaotiwa ardhini Juni 5 una wiki 22 hivi za jua kabla ya kuonja mvua. Chukua kikundi kilichopanda miche 200 kuzunguka shule. Mche ukiupa lita 5 mara mbili kwa wiki, na hapo ni kwa kubana, unakunywa lita 10. Miche 200 ni lita 2,000, yaani madumu 100 ya lita 20 kila wiki. Baiskeli iliyofungwa madumu matano itakwenda kisimani mara 20. Hadi Novemba ni lita 44,000, madumu 2,200. Nani atayabeba? Julai wanakuja watu wanane, Agosti watatu, Septemba anabaki mwalimu wa zamu na watoto wa darasa la nne. Ikifika Oktoba kuna vijiti vikavu na kibao chenye jina la mgeni rasmi.

Halafu tunaambiwa wananchi hawana moyo wa kujitolea. Moyo wanao. Kazi ndiyo iliyopangwa ikawa haibebeki.

Ardhi yetu ni ya miombo, yaani misitu ya mtundu, myombo na jamaa zao, na miombo ina tabia ambayo vikundi vingi vinaidharau: mti ukikatwa, kisiki huchipua. Chini ya kisiki cha mtundu, myombo au mkurungu kuna mizizi ya miaka mingi ambayo haisubiri dumu la mtu. Kinachoyamaliza machipukizi ni moto, mbuzi na panga, si kiu. Dodoma kazi ya kuyalea wameipa jina la kisiki hai. Wasukuma walikuwa na ngitili zao, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, muda mrefu kabla mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, haujaanza mwaka 1986 na kuzifufua. Kwa watu wa Nzega na Igunga neno hilo halihitaji mkalimani.

Ila kazi hii ikifanywa ovyo ni ukataji miti tu wenye jina zuri. Anzeni na eneo dogo, hekta 1, yaani mita 100 kwa mita 100. Pitieni eneo lote mkifunga kitambaa chekundu kwenye kila kisiki kinachochipua. Rukeni visiki vilivyooza katikati na mahali palipowahi kuwa tanuri la mkaa, kwa sababu udongo ulioungua vile hukaa miaka bila kuotesha kitu cha maana. Kisiki kizima huwa na machipukizi kumi, kumi na tano, hata ishirini, yote yakigombania mizizi ile ile. Chagueni matatu: yaliyonyooka, yenye unene, yaliyotokea chini karibu na udongo, na kila moja liwe upande wake. Chipukizi lililotoka juu ya kisiki limeshikwa na gome tu. Upepo wa mvua za kwanza hulibandua kama plasta.

Yasiyochaguliwa yakateni chini kabisa, panga likitoka chini kwenda juu ili gome lisichunike. Panga butu linaharibu kuliko mbuzi, kwa hiyo tupa moja kwa kila mapanga matatu si anasa. Kwenye matatu yaliyobaki ondoeni matawi ya chini, lakini msivuke nusu ya urefu wa chipukizi. Anayepogoa mpaka juu akaacha kishungi kama cha kuku hupata kijiti kirefu chembamba, na Novemba kinalala. Majani yaachwe chini ya kisiki yafunike udongo. Fito zilizokatwa wapeni kina mama waliokuja kufanya kazi, wapike nazo jioni ile ile. Hakuna hotuba inayoelezea faida ya msitu vizuri kuliko hiyo.

Wenye haraka hupenda kuacha chipukizi moja mwaka wa kwanza, mti uonekane mti. Mbuzi mmoja akipita, kisiki kimerudi mwanzo. Acheni matatu, mwaka wa pili mpunguze hadi mawili au moja. Vilivyo karibu na njia ya mifugo vizungushieni matawi ya miiba. Watu sita wakifanya kazi wawili wawili kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, visiki 60 wanavimaliza.

Na mninga una mambo yake. Mninga mchanga uliojiotea kwa mbegu hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukiendelea kunenepa chini, kisha mwaka mmoja unaamka na kupanda moja kwa moja. Asiyejua huona kijiti kimekufa, akaking'oa. Mahali penye mninga, fungeni kitambaa hata kwenye kinachoonekana kimekufa.

Kazi ya pili ya Juni ni moto. Septemba na Oktoba nyasi zimekauka kama karatasi, na wakati huo huo miombo inatoa majani mapya. Moto wa wakati huo huua kila chipukizi lililo chini ya kimo cha mtu. Kwangueni barabara ya kuzuia moto ya upana wa mita 5 kuzunguka eneo, hadi udongo uonekane, sasa hivi nyasi zikiwa bado nusu mbichi na jembe linaingia. Ikingojewa Agosti, ardhi ni tofali. Pembeni mwa eneo mnaweza kuchoma mapema, Juni, kwa idhini ya serikali ya kijiji na afisa misitu, jioni upepo ukiwa umetulia, watu wakiwa na matawi mabichi mkononi. Barabara hiyo irudiwe kufagiliwa mwishoni mwa Agosti, maana majani ya miti huanguka na kuijaza, na moto hupita juu yake kana kwamba haipo. Vikundi vingi husahau hapo.

Kabla ya panga la kwanza, lakini, kuna karatasi. Visiki vina mwenyewe, awe kijiji, shule, au mkulima aliyeacha shamba lipumzike na mwakani atarudi kulima tumbaku na kutafuta kuni za bani, banda la kukaushia tumbaku. Mkilea machipukizi miaka mitatu bila maandishi, mnamlelea mtu kuni. Andikeni makubaliano mafupi: mipaka ya eneo, miaka mingapi, nani anaruhusiwa kuokota kuni kavu, nani atavuna nguzo zikikomaa na kwa mgawo gani, mifugo iingie mwezi gani. Yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na yaingie kwenye muhtasari. Mkitaka faini iwe na nguvu, iwe sheria ndogo: halmashauri ya kijiji iipendekeze, mkutano mkuu uijadili, kisha iende halmashauri ya wilaya kupitishwa. Inachukua muda, ndiyo, lakini faini ya mdomo humshinda mgeni tu. Mpwa wa mwenyekiti haimgusi.

Usajili wa kikundi ni hatua nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha na orodha ya wanachama. Tahadhari yangu ni kwa wanaojisajili kwa jina la mazingira huku macho yako kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkopo ule ni wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wenye biashara ya kuurejesha. Kisiki hakirejeshi mkopo mwezi wa tatu. Mwenye biashara aanzishe kikundi chake cha biashara, na hiki cha visiki kiachwe kifanye kazi yake.

Kuhusu watu, pangeni kazi kwa idadi ya wanaokuja, si ya walioandikishwa. Daftari la majina 30 mara nyingi lina watu 12 wa kweli. Hao 12 ni makundi mawili ya sita, kila kundi na kipande chake kilichowekewa alama, Jumamosi mbili kwa mwezi, kuanzia Mei hadi Oktoba. Novemba hadi Februari msiite mtu kwenye visiki, kila mmoja yuko shambani na ana haki ya kuwa huko. Hiyo nayo ni sifa ya kazi hii, kwamba inaangukia miezi ambayo mikono ipo.

Posho ndiyo imeua vikundi vingi kuliko kiangazi. Akija mfadhili mwenye nia njema akagawa bahasha siku moja, safari inayofuata watu watauliza bahasha iko wapi kabla ya kuuliza panga liko wapi. Mwambieni alete mapanga, tupa, glavu na toroli. Chai na mihogo vitoke kwenye mchango wa wanachama, 1,000 kwa mwezi inatosha. Fedha zikae kwenye sanduku la kufuli tatu kama la vikundi vya hisa, funguo kwa watu watatu ambao si wa nyumba moja, na zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote kila mkutano, hata zikiwa 14,000. Zana zisiwekwe stoo ya pamoja. Kila panga liwe na namba na mtu aliyelisainia, kwani panga la wote Agosti halina mpini.

Wenye mizinga wanakaribishwa sana, kwa sababu mlina asali hulinda msitu bila kusimamiwa. Ila isiwe mizinga ya magome. Gome linalozunguka shina lote likivuliwa, mti umekufa, na kikundi kinachotundika mzinga wa gome kwenye mti kilioulinda kinajichezea. Mzinga uwe wa mbao.

Sisemi miche isipandwe kabisa. Kwenye uwanja wa zahanati hakuna kisiki cha kulea, na kivuli kinatakiwa. Basi sieni mbegu Julai au Agosti, mjohoro ukimwagiwa kwanza maji yaliyochemka na kulazwa humo hadi asubuhi. Mwarobaini usiwekewe akiba, mbegu yake hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Mashimo ya sentimita 60 yachimbwe Oktoba, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Mpande Desemba, mvua ikiwa imelowesha sentimita 30 kwenda chini, chimbeni muone. Na kiriba kitolewe! Miche mingi inayodumaa, ukiifukua, utakuta mizizi inazunguka ndani ya nailoni yake.

La mwisho ni hesabu. Daftari la visiki liwe na namba ya kisiki, jina la mti, machipukizi yaliyoachwa, urefu, na kama ni hai au kimekufa na kimekufa kwa nini. Hesabuni mwishoni mwa Oktoba kabla ya mvua, na tena Mei. Safu ya "kwa nini" ndiyo itakayowapangia kazi ya mwaka unaofuata: kama vifo vingi ni moto, ongezeni upana wa barabara; kama ni mbuzi, rudini kwenye mkutano wa kijiji; kama ni panga, yasomeni upya yale makubaliano na mwenye ardhi.

Nawe Mhariri nina ombi dogo. Waandishi wako wakileta habari kwamba kikundi fulani kimepanda miche 500, waulize mstari mmoja zaidi kabla hujaichapa: ya mwaka jana iliyo hai ni mingapi?

Mdau wa misitu,
Ipuli, Tabora