Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia gesi ya kiyoyozi

Kondoa, Agosti

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya huko Dodoma mjini. Sisi hapa nyumbani hatujambo, ila upepo wa kiangazi umeshika kasi na vumbi linaingia hadi kwenye masufuria. Uliniambia kwenye simu kwamba kiyoyozi cha gari kimedhoofu na kwamba fundi anataka ulipie gesi. Usilipe kwanza. Washa feni hadi namba ya mwisho na uweke kiganja kwenye matundu ya dashibodi: ikiwa upepo unatoka kwa nguvu lakini ni wa joto, huenda fundi ana hoja, ikiwa ni hafifu ilhali feni inanguruma, cha kukagua kwanza ni chujio la hewa ya ndani, ambalo wauza spea huliita filta ya AC, na hilo utalibadilisha mwenyewe.

Usilichanganye na filta ya injini iliyo chini ya boneti. Hili limewekwa kwa ajili ya mapafu yako. Hewa huingia kupitia wavu ulio chini ya wipa, hupita kwenye chujio, kisha feni huisukuma kwenye kipoozeo hadi ikufikie usoni. Watengenezaji wengi hushauri libadilishwe kila baada ya kilomita 15,000 hadi 30,000 hivi, na mapema zaidi penye vumbi. Dodoma, ambako mvua ikishakatika mwezi wa Aprili au Mei huwa hairudi mpaka kukaribia Desemba, ni penye vumbi hasa. Tena wewe unaegesha chini ya mwarobaini, na vijani vyake vikavu hupenya kwenye wavu ule na kujilaza juu ya chujio. Ningekuwa wewe ningelikagua katikati ya kiangazi, kisha tena kabla ya mvua kuanza, kwa sababu chujio lililoziba likipata unyevu huleta harufu ya uvundo, na vioo huchelewa kukauka ukungu.

Zima gari. Fungua kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, kile unachowekea kadi ya gari, na ukitoe vitu vyote. Katika Toyota nyingi kama hiyo yako, pembeni mwake kuna kimkono chembamba kinachozuia kisishuke kwa kishindo. Kichomoe taratibu, kisha bana kuta mbili za kisanduku kuelekea ndani mpaka kining'inie. Nyuma yake utaona kifuniko cha plastiki chenye vibanio. Kabla ya kuvuta chochote, piga picha kwa simu, uone mshale au maandishi ya chujio yanaelekea wapi, maana jipya lazima likae hivyo hivyo. Livute likiwa limelala, kwa kuwa likiinama majani yote yatamwagikia kwenye feni, na hiyo ni kazi nyingine. Usishangae ukikuta nafasi ni tupu, au panya amejitengenezea kitanda humo; yote mawili hutokea kwenye magari yaliyotumika.

Wapo watakaokushauri ulipeleke kwa fundi pancha akalipulize kwa upepo wa kompresa. Mimi sikubaliani nao. Upepo ule hutanua na kuchana nyuzi zinazonasa vumbi laini, kwa hiyo utarudishiwa chujio linaloonekana safi lakini linalopitisha vumbi. Kuliosha kwa maji ni vibaya zaidi, kwani haya ya karatasi hulegea na kupinda.

Lile la zamani litie kwenye mfuko uende nalo dukani, ulilinganishe na jipya kwa urefu, upana na unene, kwani likipwaya vumbi litapita pembeni. Ukiwa njiani bila chujio usiwashe feni. Lenye mkaa, la rangi ya kijivu, hupunguza pia harufu ya moshi wa malori. Ni ghali kidogo, nami ningelinunua.

Ukimaliza, futa vumbi lililobaki kwenye nafasi ile kwa kitambaa chenye unyevu, rudisha kila kitu, kisha washa feni madirisha yakiwa wazi. Upepo ukirudi na nguvu zake lakini ukakosa ubaridi, hapo nenda kwa fundi, na umtake atafute inapovuja kabla ya kuongeza gesi, kwani gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Ikipungua sana, kuna mahali inatokea.

Mama yako