Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Picha Ina Mwenyewe

Kwa wazazi na walezi wetu,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Leo tunafunga muhula wa pili na kila mtoto anarudi nyumbani na ripoti yake. Tarehe ya kufungua na salio la karo vimeandikwa humo. Mimi nataka kuwaeleza jambo moja lililonishughulisha muhula mzima.

Katikati ya muhula nilipita Gredi ya 8 kutazama miradi yao kuhusu mji wetu. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi za manila: Fort Jesus, milango ya nakshi ya Mji wa Kale, mikoko ya Tudor, feri ya Likoni. Kazi safi. Lakini chini ya karibu kila picha paliandikwa "Picha: Google". Picha moja ilikatwa upande wa chini, na nilipoinama niliona ncha za herufi zimesalia, nusu ya jina la aliyeipiga. Nikamwuliza kijana mbona kaikata pale. Akanijibu bila hila, "Mwalimu, palikuwa na maandishi, nikaona yanaiharibu."

Sikumgombeza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfundisha. Na sisi walimu tuna lawama yetu: ratiba ya siku ya wazazi mwaka jana ilikuwa na picha ya jahazi tuliyoitoa mtandaoni, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Limeniuma, kwani miongoni mwenu wamo wanaolisha watoto wao kwa kamera, harusini na ufuoni.

Basi tukaanza upya. Google haipigi picha. Ni kama mtu anayekuelekeza duka la viungo pale Marikiti. Viungo si vyake. Watoto sasa hubonyeza picha, wakaingia ukurasa ilikotoka, wakatafuta jina na leseni. Tumewaonyesha Wikimedia Commons, hazina iliyoanza mwaka 2004, ambako kila picha ina ukurasa wake wenye jina la mpigaji na masharti ya kuitumia. Tumewaonyesha pia Openverse, tovuti ya kutafutia picha zenye leseni huria, na namna ya kuchuja picha za Google kwa haki za matumizi.

Picha nyingi za humo zina leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Mwenye picha anakuruhusu uitumie bila malipo, kwa masharti yake. BY maana yake mtaje. SA, ukiibadilisha na kuisambaza, itoe kwa leseni ileile. NC, usiifanyie biashara. ND, usisambaze uliyoibadilisha. Mzazi mwenye duka akitaka picha ya bango asichukue yenye NC, hata kama mwanawe aliitumia darasani bila tatizo. Chini ya picha mtoto anaandika mambo manne: jina la picha, aliyeipiga, ilikotoka na leseni. Ni mstari mmoja tu.

Usalama nao umetupa kazi. Mwanafunzi mmoja aliingia tovuti iliyoahidi picha za bure, akabonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "pakua". Kilikuwa tangazo. Kilichoshuka ni faili lenye mwisho wa .apk, yaani programu ya simu. Bahati nzuri alimwita mwalimu kabla ya kulifungua. Picha kwa kawaida huishia na .jpg au .png, faili likiwa .apk au .exe, lifutwe. Na tovuti ikitaka namba ya simu ya mama ili itoe picha, mtoto atoke humo mara moja. Nawaomba pia muwashe SafeSearch, kichujio cha Google, kwenye simu wanazotumia, ipunguze picha zisizowafaa.

Kuna na nyuso za watu. Leseni ya mpiga picha si ruhusa ya aliyepigwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni mojawapo. Kwa hiyo kuanzia muhula ujao hatutaweka mtandaoni picha ya mtoto yeyote bila sahihi yenu. Fomu imo ndani ya bahasha ya ripoti.

Likizo hii, mtoto akikuonyesha picha kwenye simu, muulize, "Nani kaipiga?" Msubiri aitafute, hata ikichukua dakika kumi. Kama bando ni shida, apige yake mwenyewe, ya baraza au ya mashua ya babu, baada ya kuomba ruhusa, aandike jina lake chini na aje nayo siku ya kufungua. Tutazitundika ukumbini. Karatasi za manila zipo shuleni, msinunue.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu