Mti unaokwea miti mingine

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kuna mti nimeubuni kichwani, naouita mkwezi, unaota chini kwenye kivuli, hauna haraka ya kunenepa, unarefuka tu huku umemshika jirani kwa vimizizi mpaka ufike juani, hapo ndo unakomaza shina la kusimama wenyewe na kumwachia jirani aendelee na maisha yake. Msicheke jamani, mbona kuna miti ya jamii ya mtini inafanya kinyume chake, ndege anadondosha mbegu juu ya tawi, mizizi inashuka mpaka ardhini inamkaba mwenyeji, saa nyingine anakufa na kuoza unabaki uwazi tu katikati. Wangu una adabu bwana. Wataalamu wa mimea, hiyo hatua ya kuachia inawezekana kweli?

Msomaji wenu