Kabla ya kutia sahihi, uliza paa ni la nini

Mhariri,

Mtu anayenunua nyumba ya zamani hapa Nakuru siku hizi hujihadhari sana. Atafanya sachi kwenye ofisi ya ardhi ajue hati ni ya nani na kama benki inaidai. Atataka cheti cha kaunti kuonyesha kwamba kodi ya ardhi imelipwa, kisha amlete mpimaji aonyeshwe mipaka. Akiinua macho na kuona paa la kijivu lililoota kuvu, broka humwambia, "Hilo ni la kubadilisha tu, wiki moja limekwisha." Katika makaratasi yote hayo hakuna hata moja linalosema paa hilo limetengenezwa kwa kitu gani.

Mimi ni fundi wa kuezeka, na kazi imenipeleka Section 58, Lanet na hadi mashambani kule Njoro. Paa hilo nene, lenye mawimbi mapana kuliko ya mabati na lisiloshika kutu, mara nyingi ni saruji iliyochanganywa na asbestosi, madini yenye nyuzi nyembamba sana. Wazee walilipenda, na walikuwa na sababu: mchana nyumba haichomi, na mvua ikinyesha watu wanasikizana. Asbestosi huwa kama asilimia 10 hadi 15 ya mchanganyiko huo, na shiti ikiwa nzima, nyuzi hubaki zimeshikwa ndani ya saruji. Hatari huanza inapovunjwa, inapokatwa, inapotobolewa au inapokwanguliwa. Nyuzi hizo hazionekani kwa macho, huelea hewani kwa saa nyingi, na nyingine zikishaingia mapafuni hukaa humo maisha yote. Huleta makovu yanayomkaba mtu pumzi, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyafunika mapafu. Magonjwa haya huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Ndiyo maana kwenye mjengo hakuna anayeogopa. Kijana anayepanda na nyundo leo atashuka mzima, apokee pesa zake na aende zake. Akija kuugua uzeeni, nani atalikumbuka lile paa?

Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, na kanuni za taka za mwaka huohuo zinaihesabu kuwa taka hatari. Afrika Kusini, iliyoichimba kwa miongo mingi, ilifuata 2008. Lakini marufuku haikuyashusha mapaa yaliyokuwapo.

Yanavyoshushwa ndiko kunakoniudhi. Kibarua hupewa nyundo, shiti zinavunjwa na kuangushwa uani kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Vumbi linafagiliwa kwa ufagio mkavu. Vipande vinatiwa kwenye mashimo ya njia ya kuingilia lango, gari linavisaga kila asubuhi, na shiti iliyopona inakwenda kufunika banda la kuku. Jioni kibarua anarudi kwao na nguo zilezile, na mtu wa nyumbani anazikung'uta kabla ya kuziloweka. Wapo pia wanaotaka kuliokoa paa kwa kulipaka rangi. Rangi si tatizo. Tatizo ni ile brashi ya waya ya kuondoa kuvu, au mashine ya kuoshea magari, vinavyolikwangua paa kabla rangi haijafika.

Paa zima, lisilo na nyufa, liache. Usilitoboe kuweka dishi la televisheni wala paneli za sola. Na usidanganywe na anayesema anaitambua asbestosi kwa kuitazama, kwa kuwa kuna shiti za saruji zisizo nayo zinazofanana nayo kabisa. Maabara ndiyo hutoa jibu. Hadi jibu litoke, chukulia kwamba ipo. Likilazimika kuondolewa, hiyo ni kazi ya wenye leseni wanaofuata taratibu za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Paa hulowanishwa, boliti hufunguliwa taratibu, shiti hushushwa nzima, hufungwa kwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa onyo, kisha hupelekwa mahali palipoidhinishwa kuzikwa. Jalala letu la Gioto si mahali hapo. Na barakoa za kitambaa tulizozoea wakati wa korona hazizuii nyuzi hizi.

Najua swali linalofuata: nani atalipa? Leo anayelipa ni kibarua, kwa mapafu yake. Mimi nasema gharama hiyo iingie kwenye bei ya nyumba. Mnunuzi amwambie wakili wake aweke kifungu kwenye mkataba wa mauziano, muuzaji aseme kwa maandishi anachojua kuhusu paa, dari na mabomba ya zamani. Gharama ya kuliondoa ikadiriwe kabla ya sahihi na ikatwe kwenye bei. Wauzaji watalalamika. Siwahurumii sana, nyumba nyingi kuukuu mjini hapa bei yake ni ya kiwanja, na wao wanajua.

Kaunti nayo, inapopitisha ramani ya ukarabati au ubomoaji, imuulize mwenye nyumba paa ni la nini na litapelekwa wapi. Ishirikiane na NEMA kuwatengea wenye nyumba ndogo siku za kukusanyiwa shiti zao zikiwa zimefungwa vizuri. Mjane mwenye vyumba viwili hawezi kukodi lori lenye leseni kwa ajili ya shiti chache, na asipopata njia nafuu ya kisheria, zitatupwa usiku kando ya barabara.

Mimi kazi ya kushusha paa hilo siichukui. Nikiitwa, namwambia mwenye nyumba anipigie simu wenye leseni wakishamaliza. Wachache hunielewa. Wengi hukasirika, na siku hiyohiyo wamepata fundi mwingine.

Fundi wa kuezeka,
Nakuru