Kuhusu mparachichi wa jirani yako

Nairobi, Agosti

Mpendwa Wanjiru,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Picha zako za matawi ya mparachichi wa jirani yanayolalia paa lako, na za ule ufa wa ukuta, nimezipata na nimeziangalia moja moja. Tafadhali usimruhusu yule kijana wa panga unayetaka akukatie matawi apande ukutani Jumamosi. Nitakueleza kwa nini, kisha nikueleze la kufanya kabla mvua za Oktoba hazijaanza.

Haki ya kukata unayo. Sheria ya Judicature, Sura ya 8, ile inayosema mahakama za Kenya zifuate sheria zipi, iliingiza nchini kanuni za sheria za Uingereza zilizokuwa zikitumika tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali yetu. Kesi ya Lemmon dhidi ya Webb ilikuwa imeshaamuliwa mwaka 1894: tawi likivuka mpaka, yule lililomwingilia anaweza kulikata hata bila kutoa ilani, mradi asikanyage kwa jirani wala asipitishe msumeno upande wa pili wa mstari. Lakini tawi ulilokata na maparachichi yaliyo juu yake bado ni mali yake. Mwulize kama anayataka. Usimrushie juu ya ukuta, maana hapo wewe ndiwe utakayeshtakiwa.

Sasa tazama picha ya tatu. Lile tawi nene linalolalia mabati limetoka kwenye shina karibu mita mbili ndani ya uwanja wake. Sheria inakuruhusu ukate pale juu ya ukuta, yaani katikati ya tawi. Mti wenyewe unataka tawi likatwe pale linapoungana na shina, nje kidogo ya ule uvimbe ambao gome limejikunja kama kola ya shati. Hapo ndipo kidonda hufunga. Ukiacha kisiki cha mita mbili, kinaoza polepole kuelekea shinani, na pembeni mwake huchipuka fimbo nyingi zilizosimama wima ambazo zimeshikwa na gome na mbao changa tu. Zinanenepa haraka, na siku ya upepo ndizo zinazovunjika na kuangukia paa lako. Mkato ulio sahihi uko upande wake, na huwezi kuufikia bila ruhusa yake. Kwa hiyo haki yako peke yake haikutoshi. Unamhitaji jirani.

Kwanza jua unaongea na nani. Kama ni mpangaji au keateka, yaani mtunzaji wa nyumba, neno lake halina uzito juu ya mti. Tafuta namba ya mwenye ploti. Nenda mchana, mwalike aje kwako aone gata, ule mfereji wa paa, iliyojaa majani na ile alama ya maji kwenye dari, kwa sababu kutoka kwake haonekani ila mti mzuri wenye matunda. Usimwambie aung'oe. Mwombe matawi mawili au matatu, na uyafunge utepe mwekundu ili fundi asikisie. Mkikubaliana, andikeni hata kwa ujumbe wa simu: matawi yapi, nani analipa, siku gani, taka zinaenda wapi. Ningekushauri ujitolee kulipa nusu. Ni nafuu kuliko kubadilisha mabati.

Kuna kibali pia. Kaunti ya Nairobi hutaka ruhusa kabla ya mti kukatwa, hata ulio kwenye kiwanja cha mtu binafsi, na afisa wa mazingira huja kuukagua. Kwa matawi makubwa kama haya, pitieni ofisini mwulize kabla fundi hajaja. Na ule waya wa stima unaopita kwenye majani upande wa barabara msiuguse kabisa. Pigeni Kenya Power, kampuni ya umeme, 97771, waje wenyewe.

Kazi yenyewe ifanyike hivi, na usimame hapo uione. Tawi la unene wa sentimita 15 na urefu wa mita 3 lina kilo 40 hadi 50 likiwa bichi, bila kuhesabu vitawi na majani, na mabati ya geji 30 hayastahimili pigo hilo. Kamba ya milimita 12 ipite kwenye panda iliyo juu zaidi, ifungwe kwenye tawi, na mwisho wake uzungushwe shinani mara mbili ili mtu wa chini aliteremshe polepole. Mkato wa kwanza ni wa chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, theluthi moja ya unene. Wa pili unatoka juu, sentimita tatu hadi tano mbele ya ule wa kwanza, mbali zaidi na shina, na hapo tawi linaachia. Wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, kando ya ile kola bila kuikata. Wengi huruka mkato wa chini, na tawi likianguka hubandua gome la shina hadi mita nzima kwenda chini. Kidonda kisipakwe rangi wala oili chafu, kiachwe kikauke.

Msiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Gome la mparachichi ni jembamba na limezoea kivuli. Ukilifunua ghafla linaungua na jua na kupasuka. Matawi yaliyobaki wazi yapakwe rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Jihadhari na fundi anayekubali bei ya chini ili abaki na kuni. Mtu anayelipwa kwa kuni ana kila sababu ya kukata zaidi ya utepe.

Kuhusu ufa wa ukuta, usimlaumu mti mapema. Mtaa wenu uko kwenye ule udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ufa unaofunguka Februari na kujifunga Mei ni wa udongo. Ukuta uliosukumwa mahali pamoja tu, juu kabisa ya mzizi unaoonekana, huo ni wa mti. Weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, uangalie baada ya mvua. Mzizi mnene usikatwe karibu na shina, maana ndio unaoushikilia mti usianguke.

Akikataa kabisa, mwandikie barua yenye tarehe na picha, ubaki na nakala. Tawi likianguka baadaye hawezi kusema hakujua. Kisha mpeleke kwa mzee wa mtaa au chama cha wakazi. Hasara ikishatokea, kuna Mahakama ya Madai Madogo: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Unahitaji picha, risiti na makadirio ya fundi wa paa, na una miaka mitatu tangu uharibifu utokee. Ukitaka amri ya kumlazimisha akate, hiyo ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na akidai kwamba ukuta hauko mpakani, simamisheni kila kitu mpaka bikoni, zile alama za mpaka zilizowekwa na mpimaji, zitafutwe. Ugomvi wa mipaka huanzia kwa msajili wa ardhi, kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012.

Niambie kama jirani anaishi pale mwenyewe au amepangisha, na unipigie picha ya mahali tawi linapotokea shinani, ukisimama kwenye lango lake. Nikiiona nitakuchorea mistari mitatu ya kukatia umpe fundi.

Wako,
Halima